Jogoo Juu ya Unga wa Wimbi

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni taratibu, maana hata sasa nikipita sokoni Othaya yule mama wa unga wa wimbi (ulezi, kwa mnaouita hivyo) huvuta gunia akaufunika unga wake kwanza ndipo anisalimie, na akinisalimia hutabasamu vile watu humtabasamia mwendawazimu asiye na madhara. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nina digrii, nina suti mbili, na miaka yote niliyokaa Nyeri hii nimekuwa nikiketi nyuma kanisani nimetulia kama maji ya mtungini, nikiimba nyimbo za Kikuyu nisizozielewa vizuri na kutoka wa kwanza sala ikiisha. Sasa mtu kama huyo anawezaje kuaibika mbele ya kanisa zima, mbele ya madhabahu, huku kipaza sauti kikiwa mkononi mwake? Ni kwa sababu ya kipande cha kamba ya mkonge iliyofunga miguu ya jogoo, ambayo mimi, nikiwa na akili zangu timamu na nimekunywa chai asubuhi, niliamua kuifungua.

Lakini huwezi kumfikia jogoo kabla ya kumpitia Madam Wangeci.

Madam Wangeci alikuwa akifundisha biolojia shuleni kwetu. Yeye ni wa papa hapa, kwao ni kule juu penye chai, na mimi ni mtu wa Kakamega niliyeletwa na kazi nikiwa na sweta moja nyembamba (nilifikiri baridi ya mlima ni maneno ya watu). Tulisalimiana mwaka mzima kama walimu wanavyosalimiana, habari ya asubuhi, habari ya chaki, basi. Halafu siku moja mwezi wa Mei akaja kwenye meza yangu na kikombe chake cha chai, akavuta kiti, akasema watoto wa kidato cha tatu wanataka kupeleka kitu kwenye maonyesho ya sayansi, kitu cha ndege anavyoruka.

"Makokha, si wewe ndio mtu ya hewa?" akaniuliza. "Mimi najua mifupa ya bawa, najua manyoya, najua misuli. Lakini hewa yenyewe inafanya nini hapo chini ya bawa? Hiyo sijui."

Jamani. Nimefundisha watu wengi, na wengi wameniuliza maswali, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hewa inafanya nini akiwa amenitazama vile, kikombe kimesimama hewani, kama kwamba hatakunywa mpaka nimjibu. Nikasema tutaiangalia. Sikujua nimejiangamiza.

Tukaanza kazi jioni jioni kwenye maabara. Tulichukua tangi la kioo, lile la samaki waliokufa zamani, tukaweka ndani mota iliyotolewa kwenye feni mbovu, na kwenye mota tukafunga bawa. Bawa lenyewe tulilikata kwenye picha ya eksirei ya goti la mama yake Wangeci, kwa sababu plastiki ile ni nyepesi na haivunjiki, kwa hivyo ukilitazama bawa letu likipiga unaona na goti la mama mkwe (niliyekuwa nimeshampa cheo hicho kimoyomoyo) likipanda na kushuka. Kwa kuwa hewa haionekani, tulihitaji moshi mwembamba, nami nikaenda dukani kununua zile dawa za mbu za kuwasha. Mwenye duka akanitazama, akatazama ukungu nje, akatazama tena sweta yangu.

"Mwarimu," akasema, "mbu gani hii Othaya?"

Moshi ule haupendi kusumbuliwa, mtu akifungua mlango tu unavurugika, kwa hivyo tulikuwa tukifunga mlango na madirisha na mapazia, tunazima taa, tunawasha tochi moja kando ya tangi. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma vitabuni na sikuwa nimekiona kwa macho. Bawa haliisukumi hewa tu kama mkono unavyosukuma mlango. Likishuka, moshi unakimbilia ukingo wake, unazunguka ukingo ule na kujikunja kuwa kimbunga kidogo, kidogo kama sarafu, na bawa likipanda linaacha kingine kinachozunguka upande wa pili, hivyo hivyo, kimoja huku kimoja kule, vinafuatana nyuma ya bawa kama nyayo za mtu kwenye matope. Na pale mbele juu ya bawa kuna kimbunga kinachokaa, hakiondoki, kinalivuta bawa juu mradi bawa halichelewi kupiga. Wangeci alikuwa ameweka kidevu karibu kabisa na kioo. Akasema polepole, "Kumbe ndege anatengeneza njia yake mwenyewe."

Jioni moja ya Julai umeme ukapotea, mota ikasimama ghafla. Bawa likatulia tuli. Lakini hewa haikutulia, ule mzunguko uliokuwa nyuma uliendelea kuja, ukalifikia bawa lililokwisha simama, ukalisukuma likatikisika kidogo, halafu ukapita zake. Tulikaa tukitazama kwa mwanga wa tochi. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye nyasi, ndani kuna harufu ya dawa ya mbu, bega lake liko karibu na langu, sweta yake ya rangi ya damu ya mzee imenyeshewa mabegani, na mimi nilikuwa na neno moja la kusema. Nilikuwa nimelitayarisha njia nzima kutoka nyumbani. Nikafungua mdomo nikamwambia, "Hiyo inaitwa mabaki ya mwendo."

Ndivyo nilivyo. Mwezi wote ule nilikuwa nikienda na neno langu na kurudi nalo, likanizoea kama mbwa wa jirani. Watoto wakashinda nafasi ya pili kwenye maonyesho, tangi likarudishwa stoo, jioni zikaisha. Nilianza kubaki maabara peke yangu bila sababu. Nilikuwa nikifunga mapazia, nawasha tochi, nakaa. (Msinihurumie, mambo yenyewe bado.)

Shule ilipofungwa mwisho wa mwaka nikasikia katika chumba cha walimu kwamba Madam Wangeci amehamishiwa Doldol, na kwamba Januari atafungulia huko. Doldol mimi nilikuwa nikiijua kwa kusikia tu, kwamba ukifika Nanyuki bado hujafika, kwamba ni mbuzi na jua na vumbi. Nikamwonea huruma sana, nikailaumu serikali usiku na mchana, nikasema hawa watu wa uhamisho hawana moyo, wanamtoa binti wa watu kwenye chai yao wanampeleka kwenye miiba. Krismasi niliila Kakamega bila kuonja chochote. Mama yangu akaniuliza kama nina malaria.

Nikarudi mapema, kwa sababu nilijua Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa ya mavuno. Kanisa letu siku ya mavuno kila mtu huleta alicho nacho, ndizi, viazi, maharagwe mapya, mayai, kuku, hata mbuzi, na baada ya mahubiri vitu vyote hupigwa mnada pale pale mbele ya madhabahu. Na kuna desturi moja nzuri. Ukishinda kitu unaweza kwenda nacho nyumbani, au unaweza kumtunuku mtu mwingine, na ukimtunuku mtu unapewa kipaza sauti useme ni kwa nini. Nimeona wazee wakimpa mchungaji mkungu wa ndizi, wake wakiwapa mama wakwe zao kabichi, watu wanapiga makofi, watu wanalia. Mimi nikawaza, Makokha, wewe uliyeshindwa kusema gizani, hapa unasukumwa useme. Unapewa kipaza sauti na kuulizwa. Hutaweza kukimbia.

Wazo langu lilikuwa jogoo, bila shaka. Kwetu mgeni hawezi kuondoka mikono mitupu, na mtu unayemheshimu humpi kabichi. Humpi mtu kabichi ukimwambia usiende.

Jogoo huyo alikuwa ameletwa na mtu wa kule Kangari, mwekundu, shingo ya dhahabu, mkubwa mpaka aliyembeba alikuwa akibadilisha mkono. Dalali wetu alikuwa Mzee Karanja, mzee wa kanisa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, na mimi niliponyanyua mkono kutoka kiti cha nyuma kabisa alifurahi kama aliyeona mvua.

"Ati nani? Mwarimu wa Kakamega! Mnaona? Mbuzi zimepita, hakuamka. Viazi zimepita, amelala. Kuku imekuja, ameamka!"

Kanisa likacheka, nami nikacheka (tumezoea utani huo, Waluhya na kupenda kuku). Nikapandisha bei. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mzee mmoja mgeni, koti la kijivu, kofia mkononi, ambaye sikuwahi kumwona, naye akanyanyua kidole akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Ikawa sisi wawili, watu wanageuza shingo mbele nyuma, mbele nyuma, mimi natokwa na jasho kwapani kwa sababu mfuko wangu nilikuwa naujua vizuri. Mwishowe yule mzee akageuka akanitazama, akaona uso wangu, akatabasamu kwa upole na kushusha kidole. Nilimwona mzee mwenye utu sana. Kumbukeni nimesema hivyo.

"Ya kwanza, ya pili, imeenda! Mwarimu, kuja! Ni ya kupika ama ni ya kutunuku mtu?"

Nikatembea mpaka mbele. Jogoo alikuwa amewekwa juu ya meza ya mavuno, miguu imefungwa, na mezani pale kulikuwa na trei za mayai, na pembeni yake beseni pana la unga wa wimbi, uliosagwa laini kabisa, umerundikwa juu kama mlima, akina mama walikuwa wameuleta kwa ajili ya uji wa watoto. Nililiona beseni lile. Naomba ieleweke kwamba nililiona.

"Ni ya kutunuku," nikasema kwenye kipaza sauti. "Namtunuku Madam Wangeci."

Nilitarajia makofi. Kukawa kimya. Akina mama wenye vitambaa vyeupe wakatazamana, mmoja akasema "Ũũi!" na kujiziba mdomo, na mimi (mtaniona nilivyokuwa) nikajua ni furaha, wamenishangilia mpaka sauti imekwama. Wangeci akainuka kwenye kwaya. Akaja polepole, macho chini, akasimama upande wa pili wa meza. Alikuwa amevaa ile sweta yake. Karanja akaniambia, kwa sauti iliyopungua ghafla, "Haya, sema, mwarimu. Sema tu kidogo."

Neno langu likatoroka. Nilikuwa nimelileta toka Kakamega, nimelipitisha Nakuru, nimelifikisha mpaka madhabahuni, likatoroka. Nikabaki nimeshika kipaza sauti napumua, na kanisa lote linasikiliza pumzi zangu kwenye spika. Wangeci akainua macho akamtazama jogoo ili asinitazame mimi, akayatazama mabawa yake, na hapo ndipo wazo likaja. Nikajiambia, akiyaona mabawa yakifunguka atakumbuka, nami nikiona amekumbuka neno litarudi. Kila tulichowahi kuzungumza mimi na yeye kilipitia kwenye bawa. Nikashika kamba.

"Mwarimu, wacha kamba!" akasema Karanja. "Hiyo kuku imefungwa kutoka asubuhi, iko na hasira!"

Sikuwa mjinga kabisa, nilikuwa nimepiga hesabu. Jogoo akifunguliwa hunyoosha mwili, hupiga mabawa mara kadhaa akiwa amesimama pale pale, halafu huwika. Bawa likishuka hewa inakwenda chini. Beseni liko kando, haliko chini. Basi upepo utashuka mezani na kuisha. Hiyo ndiyo hesabu ya mwalimu mwenye digrii. Nilisahau kwamba hewa ikigonga meza haina pa kwenda ila pembeni, inatambaa juu ya ubao kwa nguvu zile zile, na ikikutana na ukuta wa beseni inapanda, inaingia ndani, inazunguka, inatoka na kila kilicho chepesi.

Jogoo akasimama. Akapiga mara ya kwanza, na mlima wa unga ukainama. Akapiga mara ya pili, na ule mlima ukaondoka wote.

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Dirisha la kanisa letu liko upande wa jua, na jua la Januari lilikuwa likiingia moja kwa moja, na unga wa wimbi ni mwekundu mwekundu, mwepesi kuliko moshi. Jogoo akaruka kutoka mezani akapita katikati ya mwanga ule, na mimi nikaviona. Vile pale! Vimbunga vile vile, vikubwa kama sahani, kimoja huku kimoja kule, vinajikunja kwenye ncha za mabawa, vinabaki nyuma yake angani vikizunguka vizuri bila haraka, safu mbili kanisa zima. Watu walikuwa wanakohoa, mayai trei nzima yamekwenda chini, mchungaji kanzu yake nyeupe imekuwa ya kahawia, mpiga kinanda amelalia kinanda na kinanda kinalia mfululizo, na mimi nimesimama katikati ya yote nimejaa furaha, nikapaza sauti.

"Wangeci, ona! Ona inavyojikunja! Ni kama zile jioni zetu kwa lab, tukifunga mlango na mapazia na kuzima taa!"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

Watu wakaacha kukohoa. Sijui mliwahi kusikia watu mia kadhaa wakiacha kukohoa kwa pamoja. Nikaona nyuso, nikaelewa nilichosema, na badala ya kunyamaza kama mtu aliyezaliwa na mama nikaanza kufafanua. "Hapana, jamani, si hivyo! Tulikuwa tunaangalia moshi! Moshi tu!" Bibi mmoja karibu na nguzo akamuuliza jirani yake, "Ati walikuwa wanavuta nini?" Nikasema si kuvuta, ni bawa, bawa la goti la mama yake Wangeci, na mama yake Wangeci, ambaye alikuwa benchi la tatu, akainama akaficha uso wake wote kwenye leso. Kila nilichoongeza kilizidi kuharibu. Karanja akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, mimi nikarudi nyuma nikijitetea, waya ukanasa mguu wa meza, nikaanguka chali, meza ikaja, na beseni na unga wote uliobaki vikanishukia kichwani.

Jogoo naye alikuwa ametafuta pa kutua, akatua begani kwa yule mzee wa koti la kijivu. Nikainuka nikakimbilia pale kumkamata, sioni vizuri, macho yamejaa wimbi, nikamfikia, nikamshika mkia kwa mkono mmoja (mwingine bado una kipaza sauti), naye akajinyoosha, akampiga mzee mabawa ya mashavu kushoto na kulia, kofia ikaruka, akawika. Spika zikawika. Nadhani hata waliokuwa sokoni walisikia.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Sikukimbia, ila nilitembea vile mtu hutembea akitaka kukimbia.

Nyuma ya kanisa kuna bomba la maji karibu na jiko la akina mama. Nilikuwa nimeinama pale nikijaribu kutoa wimbi masikioni, na unga wa wimbi ukikutana na maji hautoki, unakuwa uji, wakati niliposikia mtu amechukua jagi kwenye ndoo. Nilijua ni yeye kabla sijainua kichwa. Akanimwagia maji kichwani, polepole, akajaza tena, akanimwagia. Ndani walikuwa wameanza wimbo ili watu watulie, na kwenye wimbo ule mlikuwa na watu wanaocheka.

"Makokha," akasema, "ulikuwa unataka kusema nini pale mbele?"

Na kwa sababu nilikuwa nimeinama simwoni, na uji unanitiririka shingoni, na sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda, nikalisema. "Nilikuwa nataka kusema usiende. Nakupenda, Wangeci. Nilitaka kusema usiende Doldol."

Maji yakasimama.

"Hakuna mtu amenipeleka Doldol," akasema baadaye. "Ni mimi niliomba. Iko karibu na Nanyuki. Yeye anafanya kazi Nanyuki."

Sikuuliza yeye nani. Mtu huwa anajua.

"Watu wao walikuja nyumbani Agosti, na mbuzi. Kanisa yote inajua. Mimi nilidhani hata wewe unajua, umekataa tu kuongea." Akachota maji tena. "Huyo mzee ya koti ya kijivu ndio baba yake. Alikuja leo kuniona kabla niende. Hiyo jogoo alikuwa anataka kuninunulia."

Basi nikaelewa ule ukimya, na ile "Ũũi," na tabasamu la mzee aliyenionea huruma akaniachia kitu chake, nami nikampelekea usoni. Nilikuwa nimetoka nyuma ya kanisa, mgeni nisiyesikia lugha wanayoongelea habari zao kwenye uwanja baada ya sala, nikamtunuku jogoo binti aliyekwisha chumbiwa, mbele ya baba wa mchumba wake, na kutangaza habari za mapazia. Nilitaka bomba lile linimeze.

"Nitaenda nimwombe msamaha," nikasema.

"Anacheka. Amebeba jogoo yeye mwenyewe, amekataa mtu amguse. Anasema mtu ya kufungua kuku kanisani hana ubaya kwa roho." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya tochi na tangi. "Makokha, mimi nilikungoja. Hiyo Julai yote. Kila jioni nikivuta hizo mapazia nasema leo ataongea, leo ataongea. Na wewe unaniambia juu ya hewa."



Nilimwomba mzee msamaha mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nililipa unga wa akina mama, nililipa mayai, nilinyamaza Jumapili nyingi. Wangeci alienda, ameolewa, wako salama, nimesikia ana mtoto. Mimi nimeapa na ninyi ni mashahidi wangu: sitampa tena kuku kazi ya mdomo wangu. Nikimpenda mtu nitamwambia nampenda, mchana kweupe, kabla hajafika wa Nanyuki na mbuzi wake, hata kama sauti itatetemeka na hata kama atacheka. Watu hufikiri nikikumbuka siku ile nakumbuka kipaza sauti, au yule mzee. Sivyo. Nakumbuka kwamba baada ya kuniambia aliningoja, Wangeci alijaza jagi mara nyingine, akanigeuza kichwa kwa vidole viwili, akasema, "Inama, bado kuna unga kwa hii sikio," nami nikainama, maji ya mlimani baridi kama kisu, akaniosha sikio la pili bila haraka mpaka likawa safi kabisa, na mimi nikawa natamani ule unga ungekuwa mwingi zaidi.